Mtoto Asiyeliliwa

Asubuhi, kabla moshi wa makaa haujatanda juu ya kituo cha treni cha Kolwezi, Mianda alikuwa amekwisha kufunga kikwembe mgongoni. Alikifunga kama mama yeyote: aliinama, akakitandaza, akavuta ncha moja juu ya titi na nyingine chini ya kwapa, kisha akajitikisa kidogo ili mtoto akae sawa. Lakini ndani ya kikwembe hamkuwa na mtoto.

Watu wa kituoni walikuwa wamezoea. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na familia za asili ya Kasai ziliishi pale juu ya saruji, chini ya maturubai na mabati yaliyookotwa, zikingoja treni ya kuzipeleka kule zilikoambiwa ni kwao. Mianda alizaliwa Kapata, katika nyumba ya kampuni, na mama yake alizaliwa mtaa huohuo. Kasai aliijua kwa nyimbo za harusi tu. Vijana wa Katanga, wenyeji wa pale, walipopita nyumba kwa nyumba wakipiga kelele, "Bilulu batoke!", yaani wadudu watoke, hakuna aliyemwuliza amezaliwa wapi.

Bombani wanawake walikuwa wamepanga ndoo. Bilonda, jirani wa turubai la pili, mwenye ulimi usiolala, alimtazama akatabasamu.

"Mama Mianda, mutoto wako iko na adabu, eh? Halie hata kidogo."

"Muache," akasema mwingine. "Ye iko na bahati. Wake haombe maziwa."

Wakacheka, kisha wakanyamaza, maana kila mmoja wao alikuwa na mtoto aliyekuwa akiomba maziwa. Mianda akasogeza ndoo yake. Kwa kuwa hakujibu, watu walidhani hasikii. Alisikia kila neno.

Wala hakuwa na wazimu. Alijua Mwamba amekufa. Kuhara kulimkausha mtoto wakati wa mvua, na alfajiri moja akawa mwepesi mikononi mwake. Mianda alipofungua kinywa ili alie, mkwewe, mama Ngoyi, alimziba kwa kiganja.

"Mutoto wa ziwa haliliwe," alimnong'oneza. "Ukimulilia utafunga tumbo. Nyamaza. Utazaa mwingine."

Ndivyo desturi ilivyo. Mtoto anayenyonya huzikwa na wanaume kimyakimya, mama haendi kaburini, na jua linapopanda anarudi kwenye sufuria yake. Kapata, penye jirani, bustani na kitanda, labda desturi hiyo ingebebeka. Pale juu ya saruji hakuna aliyetaja tena jina la Mwamba. Basi Mianda akachukua kikwembe. Kwa kuwa walimkataza kumfanya maiti, alimwacha abaki mtoto.

*

Tshibangu, mkuu wa kamati ya wasafiri, alikuwa karani zamani, na hata sasa, akiwa na suruali moja, alipita katikati ya maturubai kama anakagua ofisi. Alimkuta Kazadi, mume wa Mianda, akisokota waya za shaba kuwa vishikio vya sufuria. Kazadi alikuwa fundi umeme wa pampu kwenye mgodi wa Mashamba. Sasa mikono yake ilikuwa ikitafuta kazi yoyote.

"Tata Kazadi, treni inatoka Lubumbashi. Banasema haitakawia."

"Tumesikia."

"Na bibi yako?"

"Bibi yangu iko vile unamuona."

Tshibangu akachuchumaa, akapunguza sauti, ingawa Mianda alikuwa ameketi palepale akichambua maharagwe.

"Wagon haina na mabati juu, haina na milango. Ile mama wa safari ilipita, wote tulisema ni huzuni tu, itaisha. Akajirusha chini karibu na Tenke. Batoto bake banabaki mu wagon, banaangaria. Kamati ilikata neno: mutu mwenye kichwa haiko sawa, anafungwa kamba mupaka Mwene-Ditu, kule Kasai. Ao anabakia."

"Bibi yangu haiko mbuzi."

"Na ile mama alikuwa mbuzi?"

Mianda aliona shingo ya mumewe ikiingia mabegani, akatamani kumwambia kitu, lakini kinywa chake kilikuwa bado kimezibwa na kiganja kile cha alfajiri.

"Kuko mama moja ku hospitali," Tshibangu akaendelea. "Alisoma kule Kisangani mambo ya roho ya bantu. Ni Mukatanga, lakini ba masera ba kanisa banamusifu. Nitamuita. Atengeneze huyu mama apande treni na miguu yake."

*

Mama Elise Mbayo alikuja jua likiwa limeegemea karakana ya reli. Alikuwa mwanamke mwembamba, viatu vyake vimepigwa rangi, mkoba kifuani kama mtoto wa shule. Watu wake walitoka Manono, kaskazini mwa Katanga. Aliposimama mbele ya turubai alisalimu kwa Kiluba cha Kasai:

"Moyo wenu."

Mama Ngoyi, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka, akainua kichwa.

"Ah! Na luga yetu nayo munaitaka? Manyumba haikubatosha?"

"Mama!" Kazadi akasema.

"Munisamehe, mama," Elise akajibu, na tangu hapo akasema Kiswahili.

Kazadi akamletea kiti, kile kimoja walichookoa siku ya kufukuzwa. Elise akaona Mianda ameketi chini, akamshukuru Kazadi, akakaa chini kwenye saruji.

"Angaria nguo yake," Ngoyi akanung'unika. "Atatulipisha sabuni."

Elise alimgeukia Mianda. "Mi ni Elise. Bananiita nikusaidie. Sijue kama ntaweza. Ntakaa hapa karibu na we, kama unakubali. Ukikatala, unipe mugongo, nitaelewa."

Mianda hakumpa mgongo. Mgongoni palikuwa na mtoto.

Wengi walikuwa wamekwisha kuja kabla ya Elise. Padri aliomba, muuguzi akatoa vidonge vilivyomlaza kama gogo, na mwombezi wa kikundi cha sala alimpigia shetani kelele mpaka koo likamkauka. Wote mikono yao ilikwenda kwenye kikwembe. Vua hiki, mama. Tuone. Hakuna kitu humu. Elise alishika ungo kwa upande wa pili, akaanza kuchambua maharagwe. Mianda alipojisogeza ili aegemee ukuta kwa ubavu, asije akambana mtoto kichwa, Elise naye akasogea, akaacha nafasi. Hakuangalia nafasi ile. Aliiacha tu.

Akaja tena kesho yake, na siku zilizofuata, kila mara baada ya kazi ya hospitali. Siku nyingine alisema mambo madogo, kwamba huko mjini unga umeadimika, kwamba amechoka. Siku nyingine hakusema kitu. Mianda akaanza kujua mwendo wa viatu vile kabla havijafika.

Kazadi ndiye aliyekosa subira. "Mama, munisamehe. Dawa inaanza wakati gani? Kila siku munakaa tu."

"Kukaa njo dawa, tata."

"Kukaa!"

"Huyu mama alifukuzwa na bantu alikula nabo. Kisha mutoto akamupotea, na hakuna mutu alibakia naye mu ile huzuni. Bantu njo balimuumiza, kidonge hakifike pale. Inaomba mutu."

"Mutu gani?" Ngoyi akadakia kutoka mkekani. "Weye? Ba kwenu njo balitufukuza!"

"Njo vile, mama," Elise akasema. "Ba kwetu."

Mianda alingoja aongeze neno, ile "lakini" wanayoiongeza wote: lakini si sisi sote, lakini na nyinyi mlikuwa wengi mno ofisini. Elise hakuongeza. Aliokota kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa.

*

Siku moja jua likaegemea karakana na viatu havikusikika. Kesho yake pia. Mianda alikaa akitazama pengo la ua ambamo Elise alizoea kuingilia, mbuzi akapita, wauza mboga ya sombe wakapita, askari akapita akijikuna.

"Si nilisema?" Ngoyi alisema, na kwa kweli hakufurahi. "Kuni ya moto haichezewe. Mukatanga ni Mukatanga."

Kitu kikaanza kumwaka Mianda chini ya mbavu. Alikuwa amesahau kinaitwaje. Si huzuni, huzuni aliijua, ilikuwa nzito na baridi kama saruji ile. Hiki kilikuwa cha moto, na kilimjaza mate kinywani. Alikipenda.

Elise aliporudi, kitambaa kichwani na mkoba kifuani, hakuwahi kukaa. Mianda alisimama.

"Ulikuwa wapi?"

Sauti ilikwaruza kama chungu kinachokunwa. Waya zikamwanguka Kazadi. Ngoyi akakaa wima.

"Vijana ba mutaa balikuja kwangu," Elise akasema. "Baliuliza sababu gani naenda kutunza bilulu. Kaka yangu Stany alinipigia magoti, akasema watachoma nyumba. Nikashikwa na woga. Nikabakia."

"Woga!" Mianda akasema. "We uko na mulango wa kufunga. Uko na kitanda. Uko na ndugu wa kukupigia magoti. Mi nilikungojea hapa kama imbwa!"

"Ndiyo. Nilijua unaningojea, na nilibakia tu."

"Usiniambie ndiyo! Nitukane! Niite kilulu, njo kazi ya ba kwenu!"

"Hapana."

Mianda alikuwa na beseni la maharagwe yaliyolowekwa. Alilinyanyua, akamrushia yote kifuani, maji na maharagwe.

Maturubai ya jirani yakanyamaza. Mwaka ule, mtu wa Kasai kumgusa mtu wa Katanga mbele ya watu lilikuwa jambo la kuchomewa wote. Kazadi alitazama askari langoni. Bilonda, aliyekuwa akichungulia, akajishika kinywa.

Elise alisimama akidondokwa na maji.

"Una haki ya kunikasirikia," alisema. "Nilikuacha. Kesho ntakuja tena. Kama woga inanishika, ntatuma mutu akuambie ni woga. Sitakuacha tena bila we kujua."

Mianda alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Tangu siku ya kufukuzwa Kapata, rafiki zake walipobeba sufuria zake wakimwambia "pole" mikono imejaa, hakuwa amemrudishia mtu yeyote hasira yake. Alidhani ikitoka itaua. Ilikuwa imetoka, na mtu aliyerushiwa alikuwa bado amesimama pale, amelowa, anamngoja.

"Mutoto alikufwa," Mianda akasema.

"Anaitwa nani?"

"Mwamba."

"Mwamba," Elise akarudia.

Hapo kilio kikamtoka Mianda, kwa sauti, kama mwanamke anayezaa. Alianguka magoti, na Elise akaanguka naye, maharagwe yakipondeka chini yao. Ngoyi aliruka kutoka mkekani, mkono umekwisha kunyooka.

"Hapana! Funga kinywa! Utajiharibia tumbo, mwan'anyi, mutoto wangu, nyamaza!"

Elise hakuusukuma mkono ule. Aliushika tu.

"Mama, na kwetu banakataza vilevile. Mama yangu alipoteza babiri bila machozi. Alipozeeka alikuwa anatuhesabu, kila siku anatuhesabu, na kila siku hesabu inamushinda. Alikufwa akiuliza nani hajaingia nyumbani."

Mkono wa Ngoyi ulibaki hewani. Kisha mwanamke yule mzee akaushusha, akajifuta kwenye nguo, akaondoka kuelekea bombani bila ndoo. Alikaa huko mpaka kilio kilipokwisha, na aliporudi hakumwangalia mtu.

Bilonda alikuwa ameingia chini ya turubai bila kukaribishwa. Alichutama nyuma ya Mianda, akalia naye. Hakueleza anamlilia nani.

*

Asubuhi iliyofuata Mianda alimwambia mumewe, "Nipeleke pale mulimuweka."

Kazadi alitazama chini. "Mama haendake kule."

"Mi nitaenda."

Walikwenda watatu, Elise nyuma kidogo. Kazadi aliwapitisha nyuma ya karakana, wakavuka reli iliyoota kutu, mpaka penye majani yaliyoungua na udongo mwekundu uliovimba. Hapakuwa na msalaba. Mlinzi wa makaburi ya mji alikuwa amekataa kuwafungulia watu wa kituoni.

"Ni hapa," Kazadi akasema.

"Upande gani?"

Kazadi akauzunguka udongo ule.

"Kazadi. Mwamba iko upande gani?"

"Sijue. Kulikuwa na batoto bengine ile asubuhi. Tulibaweka pamoja, shimo moja, sababu askari balikuwa banatuharakisha. Sijue, Mianda. Nilimufunika mi mwenyewe, na sijue."

Mianda alikifungua kikwembe. Alikitandaza juu ya udongo, akakaa juu yake, akaweka viganja huku na huku, maana hakujua aguse wapi. Kazadi alisimama kama nguzo. Baada ya kitambo alisema, akiangalia mbali kwenye vilima vya takataka za mgodi, "Na mi pia sikulia." Mianda akasogea, akampisha kwenye kikwembe. Elise alirudi nyuma hadi kwenye reli, akawapa kisogo.

Waliporudi, Mianda alikuwa amekifunga kikwembe kiunoni, kama wanawake wote.

*

Treni ilifika mchana, mabehewa ya makaa yasiyo na paa. Kituo kizima kikawa kama chungu kinachofurika. Magodoro, majiko, kuku, wagonjwa waliobebwa migongoni. Askari waliwakagua watu mizigo, wakajichagulia. Mmoja alichukua kiti cha Kazadi, akakikalia palepale, akaendelea kukagua. Kwenye ua wa nje vijana wa mji walikuwa wamepanda ukutani, wakipiga makofi na kuimba: "Muende muzuri! Bilulu, muende muzuri!"

Elise alikuja mbele ya macho yao wote. Kazadi alikuwa akimpandisha mama yake behewani, Mianda akishika fungu la mwisho, Tshibangu alipopita na kamba yake begani. Alisimama, uso umemng'aa.

"Mama Elise! Kazi ya muzuri sana. Nilikuambia nataka apande na miguu yake, na angaria! Hii haiombe kamba." Akaenda zake, kwa sababu kulikuwa na mwanamke mwingine kwenye behewa la mbele ambaye hakutaka kupanda.

Mianda aliweka fungu chini.

"Njo ile kazi ulipewa?"

"Ndiyo."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza. Bananiita sababu ya treni. Nilijiambia, asiende amefungwa kama mbuzi, hata kama ni kitu kidogo. Kisha nilikujua, na treni nikaisahau. Lakini ni kweli. Nilikuja sababu ya treni."

Mianda aliangalia behewa, kisha ukuta uliojaa vijana.

"Kama bangenifunga," alisema polepole, kama mtu anayefikiria kwa mara ya kwanza baada ya ugonjwa mrefu, "kila mutu angeona. Angesema, huyu mama banamufukuza, angaria kamba. Sasa ntapanda mi mwenyewe. Watasema, si unaona, anasafiri. Uliniponyesha, Mama Elise, nipate kufukuzika muzuri."

Mianda alimwona Elise akitafuta neno, na aliona pia kwamba mwanamke huyu hatasema uongo hata sasa, hata uongo wa kumsaidia yeye mwenyewe.

"Ningefanya nini?" Elise akauliza hatimaye.

"Sijue," Mianda akasema. Na kweli hakujua. Bado fikira ile ilimuuma kama jino.

"Mianda!" Kazadi aliita kutoka juu. "Fungu!"

Akalipandisha. Akaweka mguu kwenye chuma, akajivuta, akapata nafasi kati ya mkwewe na godoro la mtu. Elise alikuwa amesogea hadi kwenye ukingo wa behewa, kichwa chake usawa wa magoti ya Mianda.

"Banasema naenda kwetu," Mianda akamwambia. "Kwetu ni hapa. We njo unabakia kwetu. Basi, bakia muzuri."

Anayeagwa hivyo hana jibu zaidi ya moja. Mtoto mdogo analijua: anayeondoka husema "bakia muzuri", naye anayebaki humjibu "uende muzuri". Lakini ukuta mzima ulikuwa ukiliimba neno lile tangu treni ilipofika, kwa makofi na vicheko, mpaka likawa halisemeki tena na mtu mwenye haya.

Treni ikashtuka, chuma kikagonga chuma. Elise akatembea kando ya behewa. Midomo yake ilikuwa ikienda, na hakuna neno lililotoka. Mianda aliinama kumsikiliza mpaka saruji ilipokwisha na Elise akabaki ukingoni, nyuma yake vijana wakiimba.

"Alisema nini?" Ngoyi akauliza.

"Hakusema," Mianda akajibu. "Ba kwao balimaliza maneno yote."

Kisha akalia, wazi, mbele za watu, na safari hii mkwewe hakumziba kinywa.